Nywele Kumi na Moja

Siku ile mjinga alikuwa Shitanda, na hakuna haja ya kumzungushia maneno. Yeye mwenyewe husema hivyo kabla hujamaliza kuuliza: "Mjinga nilikuwa mimi, weka alama hapo, tuendelee." Miaka thelathini na moja ya kushika brashi, na bado akafanya kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza angechapwa vidole kwa ajili yake.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imejikusanya juu ya Eldoret lakini haijaamua. Ndani ya kibanda chake cha mabati pale mtaa wa West Indies, Shitanda alikuwa amemaliza jicho la kulia la kijana mmoja aliyekufa miaka ishirini iliyopita. Mama wa kijana alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Simu ikalia. Kuna bucha mpya Cheptiret, inafunguliwa Jumatatu, ukuta mzima uko mtupu, wanataka ng'ombe anayecheka na maandishi mekundu, na fundi aje leo hii.

Shitanda alipenda sana kuchora ng'ombe wanaocheka. Alikuwa akisema hao ndio wateja pekee wasiolalamika. Akaitikisa chupa ya tapentaini ya kuoshea brashi, tupu. Mtu mwenye akili angetuma mtu akamletee nyingine, au angezifuta brashi zake kwa mafuta na kuzilaza. Yeye akavuta mkebe wa thinner, dawa kali ya kuyeyusha rangi, aliopewa na Jacktone, jirani anayepulizia magari rangi, akazitumbukiza humo brashi zake tatu ndogo, vichwa chini miguu juu. "Nitawakuta hapo," akaziambia. Akafunga kibanda, akaenda.

Kwa brashi za mabango, hilo si kosa. Brashi ya gloss, ile rangi ya mafuta inayong'aa, ni kama punda: unaiacha kwenye mafuta ya taa wiki nzima, unaipiga ukutani mara mbili, inarudi kazini bila kinyongo. Fundi yeyote wa mabango mjini hufanya hivyo. Lakini hizi tatu hazikuwa za mabango. Aliachiwa na marehemu Khisa, mwalimu wake, aliyezichorea watakatifu kwenye makanisa kuanzia Kakamega hadi Kitale. Nywele za brashi zilitoka kwa mnyama fulani wa nchi za baridi, jamaa ya kicheche, na ile ndogo kabisa ilikuwa na ncha ya kuchora kope moja moja. Sheria ya Khisa kuhusu brashi hizo ilikuwa moja tu, kwamba zinalala, hazisimami. "Wewe ukisimama na kichwa siku tatu," alikuwa akimwuliza Shitanda, "shingo itarudi?"

Sasa, yule mama. Jina lake Nyaguthii, lakini watu wa mtaani walimwita Mama Irungu, kwa mtoto wake aliyebaki. Shitanda peke yake ndiye aliyemwita Mama Muigai, kwa kifungua mimba. Hakufanya hivyo kwa ujanja. Siku ya kwanza alipokuja kibandani, alisema tu, "Mimi ni mama wa Muigai," na Shitanda akalishika hilo. Yule mama akatafuta kreti la soda akalikalia, na tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumanne na kila Ijumaa.

Muigai alikufa mwaka wa 2004, akiwa na miaka kumi na saba, kwa homa ya uti wa mgongo. Wakati huo familia ilikuwa na duka na ng'ombe watatu huko Kapseret. Miaka minne baadaye, Januari ile ya moto baada ya uchaguzi, duka likaungua na nyumba ikaungua. Mama alitoka na Irungu, redio, na gunia la sare za shule. Albamu ilikuwa juu ya kabati. Kitambulisho Muigai hakuwahi kuchukua, umri ulikuwa haujafika. Mama alizunguka kwa majirani wa zamani, kwa walimu, kwa kanisa, akitafuta picha hata moja ambayo mwanawe amesimama kwa nyuma. Hakuna.

Na sasa macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, daktari alimwambia. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kimefunga mizigo. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Mzee Shitanda," alisema siku hiyo ya kwanza, "nataka nimwone kabla giza halijafika. Wewe chora, mimi nitakuambia kama ni yeye au si yeye. Hakuna mwingine wa kukuambia. Macho yangu yakienda, hata ukichora vizuri namna gani, itakuwa ni mtu tu."

Walianza na taya la Irungu. Irungu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa haraka, akakaa dakika ishirini akiangalia saa, akachorwa kwa makaa, akaondoka. Kutoka hapo mama akawa anamtoa Irungu kidogo kidogo na kumweka Muigai. "Shavu lijae. Bado. Hayo masikio ni ya mjomba wake, punguza. Mdomo huu umeufanya wa mtu mwenye deni, mtoto wangu alikuwa anacheka." Shitanda naye hakukosa la kumjibu: "Mama Muigai, nikimpunguza masikio mara ya nne atasikia nini?" Wakacheka. Wiki saba walifanya kazi namna hiyo, mama akiusogeza ubao mpaka pua iguse rangi, na kila mara akirudi nyumbani na doa jipya puani. Kufikia Ijumaa ile kilikuwa kimebaki kitu kidogo: jicho la kushoto, kope zake, na nyusi. Kazi ya siku moja, kwa ile brashi ndogo.

*

Jumatatu jioni Shitanda alirudi kutoka Cheptiret na kilo mbili za nyama na wimbo mdomoni. Wimbo ulikatika alipofungua mkebe.

Thinner ilikuwa imekauka karibu yote. Ilikuwa imeyeyusha vanishi ya vishikio, vanishi ikashuka chini pamoja na rangi iliyotoka kwenye nywele, vyote vikaganda kama uji ulioungulia sufuriani. Brashi tatu zilikuwa zimesimama humo zenyewe bila kushikwa. Alizing'oa. Nywele zilikuwa zimepinda kama ndoano, ngumu, nyeusi. Alipojaribu ile ndogo kwenye kidole, ilimchoma.

Mkewe Linah alikuwa na saluni kibanda cha pili. Alikuja kuchukua nyama, akakuta mume amekaa chini.

"Baba Mercy, nani amekufa?"

Shitanda akamwonyesha.

Linah alizigeuza, akazinusa. "Hizi ni nywele?"

"Ni nywele."

"Na umeziosha na thinner ya gari."

"Nilikuwa na haraka."

"Mimi mteja akija nimwoshe kichwa na thinner, kwa sababu nina haraka, utaniita nani?"

"Linah, usinimalize."

"Sikumalizi. Nauliza tu jina, nijue nitakuitaje kuanzia leo."

Kesho yake saa nne Mama Muigai akafika, fimbo ikitangulia. Alikalia kreti lake, akavua kitambaa cha kichwa kilicholowa, akangoja. Na hapo Shitanda akafanya ujinga wa pili, uliozidi wa kwanza. Angesema: mama, nimeharibu, nipe siku chache, au twende tutafute brashi nyingine hata Nairobi. Badala yake akafanya mzaha. Maisha yalikuwa yamempiga sana huyu mtu, na tangu utotoni kila alipopigwa alicheka kwanza, maana ukicheka kwanza anayekupiga huchanganyikiwa.

"Mama Muigai, leo brashi ziko likizo," alisema. "Zimesema zimechoka na masikio ya mjomba. Njoo Ijumaa utazikuta zimenenepa." Akacheka kwa nguvu mpaka mabati yakaitikia.

Mama hakucheka. Aligeuza uso pole pole kuelekea kwenye rafu, kisha kwenye ubao. "Naweza kumwangalia kidogo?"

Akamsogezea. Aliangalia kwa muda mrefu, akihamisha lile tundu lake la kuonea kutoka kwenye kidevu hadi kwenye shavu, mpaka pale ambapo jicho la kushoto lilikuwa bado ni doa la kahawia. "Ijumaa, basi," alisema, akatoka na fimbo yake kwenye matope.

*

Shitanda alifunga mlango, akaanza kazi. Alinunua tapentaini safi, akaimimina kwenye kisahani, akazilaza brashi humo ubavu, kama Khisa alivyomfundisha, akabadilisha kila ilipochafuka. Mara sita alibadilisha. Kisha mafuta, akizikanda nywele kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kutoka kwenye kibati kinachozishika kwenda nje, si kurudi. Kisha sabuni ya kipande kwenye kiganja, anaizungusha brashi juu yake, povu linatoka jeusi, anasuuza, linatoka kahawia. Rangi iliyoganda ndani ya mizizi aliichokonoa kwa sindano, kisha akazichana nywele kwa kichana cha chawa. Mchana kutwa. Mgongo uliuma kuliko siku ya ng'ombe wa Cheptiret.

Povu lilipokuwa jeupe, zikabaki zimepinda tu. Hapo alijua dawa: maji ya moto, unachovya nywele tu, zinalegea, unazinyoosha. Alichemsha birika. Lakini alikuwa na hofu, na mwenye hofu hazimi jiko mapema. Brashi ya kwanza, kubwa kati ya tatu, aliichovya kwenye maji yanayochemka. Gundi ndani ya kibati ikaachia. Nywele zote zikatoka kwa pamoja, zikaelea juu ya kikombe, na mkononi akabaki na kijiti.

Hakucheka. Alikiweka kijiti mezani, akaenda saluni kwa mkewe. Linah alikuwa anamsuka mteja.

"Niambie," alisema Shitanda. "Nywele ikiungua na dawa, unafanyaje?"

Linah alitaka kumtania, akamwangalia, akaacha. "Huichemshi. Unaipa mvuke. Unaipaka treatment, unaifunika, unaiacha ijisikie. Halafu unakata zilizokufa. Baba Mercy, kuna zingine zimekufa, hata ufanyeje."

Akampa kikopo cha treatment, dawa ya kulainisha nywele, chenye picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Shitanda aliwapaka wagonjwa wake wawili waliobaki, akawashikilia juu ya mvuke kwa mbali, akawakanda. Brashi ya pili ilikataa. Nywele zilitawanyika kama ufagio, kila moja na njia yake. Ile ndogo, ya kope, ikaanza kukubali. Alizikata kwa wembe zilizovunjika, moja moja, akishikilia pumzi. Alipomaliza alizihesabu zilizobaki. Kumi na moja.

Alizilowesha kwa mate na sabuni, akazichonga kwa midomo mpaka zikawa ncha, akazifunga kwa ukanda wa karatasi laini na uzi, akailaza brashi dirishani. Siku mbili hakuigusa. Ijumaa asubuhi alifungua karatasi, akasuuza sabuni, akachovya rangi, akavuta mstari mmoja kwenye kipande cha kadibodi. Mstari ulitoka mwembamba, bila kusita.

Akapanga kreti. Akageuza ubao ukutane na mwanga. Saa nne ikapita, saa sita. Saa nane Linah alichungulia, akaona kreti tupu, akarudi saluni.

*

Alikuja Jumanne iliyofuata, lakini hakuja na fimbo. Alikuja ameshikwa mkono na Irungu. Shitanda alikuwa amesimama mlangoni na neno la utani tayari mdomoni, na alimwona mama akilipita kreti lake bila kulijua, mpaka Irungu akamrudisha nyuma, akamkalisha.

"Mzee," alisema Irungu, bila hata salamu, "tumekuja kuchukua hiyo kitu, hata kama haijaisha. Alhamisi asubuhi mama aliuliza mke wangu mbona leo hajafungua madirisha. Yalikuwa wazi. Tumeshinda hospitali siku tatu. Wamesema ndiyo basi."

Shitanda alihesabu kichwani bila kutaka. Jumanne aliona. Jumatano aliona. Kazi ya siku moja.

"Mama Muigai," alisema, na sauti yake haikuwa na utani hata wa kuokota. "Kuna kitu nilikuficha Jumanne ile."

"Brashi," alisema mama.

"Ulijua?"

"Mzee, nimeuza thinner dukani miaka kumi na sita. Niliinusa kabla sijakaa. Brashi ya likizo hainuki hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unacheka sana. Mtu akicheka hivyo mimi humwacha, ajipange."

"Ati nini?" Irungu aliwageukia wote wawili. "Mzee, unamaanisha angeiona? Hii picha ingekuwa tayari, na yeye angeiona?"

"Ndiyo," alisema Shitanda. "Nilizichoma brashi na thinner, halafu nikamdanganya. Ni mimi."

"Wewe unajua ni miezi mingapi amekuwa akiongea juu ya hii picha? Hata kula—"

"Irungu," alisema mama. "Hatujamaliza. Mzee, imebaki brashi yoyote?"

"Moja. Ina nywele kumi na moja."

"Na macho?"

"Ya kwangu? Yapo."

"Basi chora."

Akachora. Alimaliza jicho la kushoto akilitazama la kulia, kwa sababu hilo mama alikuwa amelikubali kwa macho yake mwenyewe. Kope zilitoka moja moja. Irungu alisimama mlangoni akipokea simu za dukani na kuzikata. Mvua ilianza juu ya mabati, ikawalazimu kuongea kwa sauti. Alipofika kwenye nyusi, mama akanyoosha mkono.

"Ya kushoto kuna mahali nywele hazioti. Nilikuwa nimekuwekea hiyo ya mwisho, nikuonyeshe siku tukifika. Leta kidole."

Shitanda akasogea. Mama alikishika kidole chake cha shahada, kilichojaa rangi, akakipeleka kwenye uso wake mwenyewe, kwenye nyusi yake ya kushoto, akakitembeza kutoka juu kwenda chini kwa mshazari. "Hapa. Ianze hapa, ikatike hapa. Fupi kama punje ya mchele. Umeshika?"

"Nimeshika."

Alibaki na mstari wa rangi usoni, mama yule, bila kujua, na hakuna aliyemwambia. Shitanda alirudi kwenye ubao. Alichanganya rangi ya ngozi, akaipausha kidogo, akavuta pumzi, akaipitisha brashi kwenye nyusi ya kushoto, ikaikata. Na hapo hapo kijana aliyekuwa ubaoni, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa mzuri tu kama vijana wote wa picha, akawa mtu. Hata Shitanda alirudi hatua moja nyuma.

Irungu alikuja kuangalia. Aliinamia ubao, akasema, "Hiyo alama ni ya nini?"

"Mama amesema."

"Muigai hakuwa na alama."

"Alikuwa nayo," alisema mama.

"Mama, tumelala kitanda kimoja na Muigai miaka kumi na miwili. Kitanda kimoja! Mimi simjui uso? Hakuwa na kitu hapo." Aligeuka kwa Shitanda, akapunguza sauti kama wanaume wanavyofanya wanapotaka kuelewana bila mwanamke kusikia, ingawa mvua ilimlazimisha kuipandisha tena. "Mzee, amechoka. Siku hizi anachanganya. Juzi aliniita kwa jina la baba. Hiyo rangi bado ni mbichi, si unaweza kuitoa?"

"Inaweza kutoka," alisema Shitanda. "Lakini sitoi. Mwenye uso huu ni mama."

"Mwenye uso huu haoni, mzee, na umesema mwenyewe hakuiona picha kwa sababu yako. Sasa tutaweka nini ukutani? Watoto wangu waniulize, baba, huyu ni nani, niwaambie ni mtu aliyechorwa kwa maneno ya mama yangu akiwa kipofu?" Alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa kwenye meza, kile cha kufutia, akakikunja ncha kwenye kidole. "Wacha nitoe mimi. Kidogo tu. Nataka ndugu yangu, sitaki kubahatisha."

Shitanda alisimama kati yake na ubao. Wote wawili walikuwa wanene kwa kibanda kile. Kreti la rangi lilianguka. Linah alitokea mlangoni na mwavuli, akiuliza kuna nini.

"Mama," alisema Irungu, akihema, kitambaa kikiwa juu, "kama alikuwa na alama, niambie aliipata wapi. Niambie tu. Mimi nilikuwa naye kila mahali. Aliipata wapi?"

Mama Muigai alikuwa anatafuta kitambaa chake cha kichwa mapajani. Alikipata, akajifunga bila haraka, akakaza fundo.

"Ulimpiga wewe, na chepe, ukiwa na miaka saba. Aliniambia ameanguka, na ukweli akanipa akiwa kitandani hospitali, wiki ile ya homa, akanikataza kukutajia. Sasa weka hicho kitambaa chini, Irungu, umbebe ndugu yako twende."